Baba Aliyekufa Mara Kumi na Nne

Mwalimu Ildefonsi alijiona ndiye bingwa wa insha ya Kiingereza Kibondo nzima, na kama ulikuwa hujui, alikujulisha mwenyewe. Miaka ishirini na mitatu ya kula vumbi la chaki si mchezo! Alikuwa Muha wa Buhigwe, mfupi, shati lake jeupe halikosi pasi hata siku ya mnada, na mfuko wa kifuani ulikuwa na kalamu nyekundu moja tu. Mimi simlaumu mtu kwa kujisifu. Wengine tusipojisifu tutasifiwa na nani? Lakini haya nitakayokusimulia yalimkuta mwaka tisini na nane, na tangu hapo sijamsikia akijisifu tena.

Mwaka ule shirika moja la ufadhili lilitangaza nafasi nne za kwenda kusomea uuguzi ng'ambo, kwa Kiingereza. Wenyeji ruksa, wakimbizi ruksa. Masharti yalikuwa mawili: umri usizidi miaka ishirini, na ufaulu mtihani wa umahiri wa Kiingereza, ambao ungefanyika Kasulu mwezi wa nane. Tangazo lilibandikwa kwenye mbao zote za matangazo, kuanzia Mabamba mpakani hadi kambini, na haikupita wiki vijana kumi na wanne wakamfuata Mwalimu Ildefonsi wakitaka tuisheni. Tisa walitoka kambini, watano mjini.

Darasa lilikuwa stoo ya Bwana Isihaka, muuza vitambaa, mtu wa asili ya Bagamoyo aliyekuja Kibondo kutembea akanogewa akabaki. Aliitoa stoo bure kwa sababu binti yake Firdausi alikuwa mmoja wa hao kumi na wanne. Vijana walikaa juu ya marobota, wakaandikia mapajani.

Na kati yao alikuwepo Esteri. Msichana wa miaka ishirini, mrefu, mkimya, kila siku anakuja na kibali chake cha kutoka kambini kimekunjwa ndani ya daftari. Alivuka kuja Tanzania mwaka tisini na tatu, yeye na mama yake na mdogo wake. Kwao Burundi alisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza alikianzia kambini kwa kuazima vitabu. Desemba angetimiza miaka ishirini na moja, kwa hiyo mtihani huu kwake ulikuwa wa kwanza na wa mwisho. Mama yake alishamwambia: "Mwanangu, hapa watu wanazeekea kwenye foleni. Ukipata nafasi hiyo, nenda, usigeuke nyuma." Esteri alimweleza Mwalimu maneno hayo siku ya kujiandikisha, na Mwalimu akajibu kwa kifua: "Binti, mimi nikikushika, utapita."

Na nisiwe mnafiki, mwanzoni alifundisha vizuri sana. Alikuwa na njia yake ya vidole vitano. "Inueni mkono wa kushoto," anawaambia. "Gumba ndiyo mlango: sema unachotaka kusema. Vidole vitatu vya katikati ni hoja zako tatu, kila kimoja na aya yake, na kila aya na mfano wake. Kidole cha mwisho ni kufunga. Rudi pale mlangoni ulipoingilia. Pigeni mstari pembezoni mwa karatasi, andikeni hapo neno moja kwa kila kidole. Dakika kumi za kwanza hakuna kuandika insha, ni kupanga tu. Mtu akianza safari hajui anakokwenda, atalala porini!" Vijana wakicheka, yeye anaendelea. Hata leo ukiniuliza njia nzuri ya kupanga insha, nitakuonyesha mkono wangu wa kushoto.

Basi, zilipobaki wiki tano, akawapa jaribio. Akaenda nayo nyumbani kusahihisha, na huko ndiko alikochoka. Mmoja alianza na ng'ombe akamaliza na Ukimwi. Mwingine aliandika mistari minne akaomba radhi. Mwalimu alishika kichwa. Alishawaambia watu wa Kibondo, msikitini na kanisani, kwamba nafasi nne zote zitachukuliwa na darasa lake. Sasa ataficha wapi uso?

Ndipo likamjia lile wazo ambalo wengi wetu walimu tunalijua, tusijifanye watakatifu. Kukaririsha. Alizipanga mezani karatasi za mitihani ya nyuma, akaona maswali ni yaleyale: eleza safari, eleza mtu unayemheshimu, eleza siku usiyoisahau, eleza kitu mlichopoteza. Akawaza: nikipata insha moja nzuri, yenye safari na mtu na siku na kitu kilichopotea, ukibadilisha mlango na kufunga tu, imejibu yote. Ataipata wapi? Akafungua daftari la mwisho kwenye rundo, la Esteri.

Esteri alikuwa ameandika juu ya baba yake, fundi cherehani. Aliandika jinsi walivyofika kwenye mto Malagarasi mvua ikinyesha. Baba yake alimvusha mdogo wa Esteri shingoni, akarudi, akamvusha mama, akarudi, akamvusha Esteri. Wote wakawa wamefika upande wa Tanzania. Ng'ambo ya pili ikabaki cherehani. Baba akasema: bila hiyo nitawalisha nini huku ugenini? Akarudi. Waliona ameiweka kichwani, ameishika kwa mikono miwili, maji kiunoni, maji kifuani. Kisha wakaiona cherehani peke yake. Kisha hata cherehani hawakuiona.

Mwalimu Ildefonsi alilia. Alilia kweli, kamasi na machozi, mpaka mkewe akamuuliza kama kuna msiba Buhigwe. Halafu, na hapa ndipo ninapomkasirikia, alijifuta uso akatoa kalamu nyekundu. Palikuwa na jina la baba. Akalikata, akaandika juu yake "baba yangu", ili insha imfae kila mtu. Palikuwa na sentensi mbili kuhusu vikaratasi ambavyo fundi yule alikuwa akivibana kwenye vitambaa vya wateja. Akazikata, kwa kuwa hazikuingia kwenye kidole chochote. Mwisho wa ukurasa akaweka alama: kumi na saba juu ya ishirini.

Kesho yake aliiandika ubaoni yote. Hakumuuliza Esteri. Hakumwita hata pembeni. "Hii," alisema akigonga ubao, "ndiyo insha. Nakilini, na kila mtu aimeze kama alivyomeza sala." Wakanakili. Esteri naye akainama akanakili kifo cha baba yake kutoka ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri, na masahihisho ya Mwalimu ndani yake.

Kisha wakaanza kuimba kwa pamoja, kila siku, sentensi kwa sentensi, kwa Kiingereza: baba yangu akarudi kuchukua cherehani! Sauti kumi na tatu ndani ya stoo, wateja dukani wakigeuza shingo. Mwalimu alihesabu kwa jicho akaona mdomo mmoja umefungwa.

"Wewe Esteri! Mbona hufungui mdomo? Unadhani wewe huu mtihani haukuhusu?"

Esteri akafungua mdomo. Akaimba na wenzake.

Jioni ile alimfuata Mwalimu nje ya duka, akasimama mbali kidogo na macho chini, kama walivyomlea. "Mwalimu, naomba daftari langu."

"Utalipata baada ya mtihani, binti. Bado nalitumia."

"Ndiyo, Mwalimu."

Jamani, mtoto wa watu alisema ndiyo! Na Mwalimu akaenda zake nyumbani akala ugali wake na maharage, akalala.

Mwezi wa nane ukafika. Bwana Isihaka aliwapakia wote kwenye gari lake, Mwalimu mbele, vijana nyuma na vumbi jekundu, hadi Kasulu, kwenye ukumbi uliokodiwa karibu na soko. Msimamizi alikuwa Bi Zuleha kutoka Dar es Salaam, mama wa makamo aliyejifunga mtandio, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Asubuhi ilikuwa insha, na kesho yake yangekuwa mahojiano. Swali lilipoandikwa ubaoni, Mwalimu alilichungulia dirishani akapiga goti moyoni kwa furaha: eleza kitu ambacho familia yako ilikipoteza. Vijana kumi na wanne wakainama. Hakuna aliyeinua mkono wa kushoto. Hakuna aliyepiga mstari pembezoni. Kalamu zilikwenda mbio.

Alasiri Bi Zuleha akamwita. Karatasi zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu, moja kando ya nyingine.

"Karibu, Mwalimu. Kaa." Akavaa miwani. "Karatasi ya kwanza niliposoma, nilitoa leso nikafuta machozi. Nikasema, huyu mtoto apewe nafasi hata kesho. Ya pili nikasema, masikini, huu mto umeua watu. Ya tatu nikakunja leso nikaiweka kwenye mkoba. Mwalimu, baba amekufa hapa mara kumi na nne. Mto huohuo, cherehani hiyohiyo, maji kiunoni, maji kifuani. Huyu Firdausi je, si ndiye ambaye baba yake amekuja naye kwenye gari? Mbona nimemwona pale nje anakula muwa?"

Mwalimu Ildefonsi alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na shati lake jeupe.

"Nakuuliza jambo moja tu," alisema Bi Zuleha, tena kwa upole, na upole ule ulimchoma zaidi. "Kukaririsha si jambo geni kwangu, kote ninakopita kupo. Lakini hii haikutungwa na mtu aliyekaa nyumbani kwake. Ni ya nani? Kama ni ya mmoja wa hawa watoto, niambie, huyo hana kosa."

Neno moja tu lilitakiwa. Na Mwalimu alikuwa nalo mdomoni. Lakini kulitoa ilikuwa ni kukiri kwamba alichukua msiba wa mtoto bila kuomba, akaufanya wimbo. Mbele ya mama huyu, tena wa Dar, atamwonaje? Akasema: "Niliitoa kwenye kitabu, Bi Zuleha. Cha zamani. Jalada lilishatoka."

"Kitabu?"

"Ndiyo."

Bi Zuleha akazikusanya karatasi. Akavua miwani. "Basi kama haina mwenyewe hapa, nazifuta zote. Kesho hakuna mahojiano. Warudishe watoto kwao."

"Sawa," alisema Mwalimu.

Sawa! Hebu fikiria. Nafasi ya Esteri ilikuwa mezani, ya kwanza na ya mwisho, na mtu mzima akasema sawa.

Aliwakuta vijana uwanjani, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba mambo yameharibika, mtihani umefutwa. Hakusema kwa nini. Wengine wakalia, wengine wakauliza. Esteri hakulia wala hakuuliza. Alikaa kwenye ngazi akakitoa kile kibali chake, akakinyoosha kwenye goti, akakikunja tena. Mwalimu akakwepa macho, akajiendea nyumba ya wageni akaketi barazani peke yake.

Jua lilikuwa bado halijashuka alipokuja Bwana Isihaka.

"Mwalimu, asalaam aleikum," alisema. "Mimi marehemu, nimekuja kukujulia hali."

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Binti yangu kanieleza. Nimefia mtoni, na cherehani kichwani. Bwana wee, cherehani ya nini? Mimi nauza vitambaa, hata kifungo sijui kushona! Ungeniulia hata kitandani kwangu, nikafa kwa heshima." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Akavuta kigoda akakaa. "Lakini si hilo lililonileta. Firdausi anasema hadithi ile ni ya yule mrefu, Esteri. Kwamba ni baba yake kweli. Wasichana walijua tangu ile siku ulipomgombeza kwa kutokuimba. Walikuogopa tu."

Mwalimu akaigusa kalamu yake kifuani.

"Mwalimu, mimi kwetu pwani, mtu akifiwa, hata ipite miaka mitano, siku ukisikia ndiyo siku unampa mkono wa pole. Kwenu Waha sivyo?"

"Ndivyo." Na kweli ndivyo. Kwa Waha na Warundi, ukikutana na mfiwa huanzi habari nyingine yoyote. Unampa mkono, unamwambia mwihangane, yaani vumilieni, ndipo mengine yafuate. Mtu asiyefanya hivyo anaulizwa amelelewa wapi.

"Sasa wewe uliposoma habari ya yule baba, ulimpa nini yule mtoto?"

"Nilimpa kumi na saba juu ya ishirini," alisema.

Bwana Isihaka alimtazama kama mtu aliyeona kitu kibaya njiani. Aliinuka, akajifuta suruali, akaondoka bila kuaga, yeye ambaye kwa kuaga tu hutumia robo saa.

Sitakueleza usiku wa Mwalimu, kila mtu ana wake. Asubuhi, Kasulu bado ina ukungu na baridi ya kukaza meno, alikuwa ameshasimama mlangoni pa ukumbi, daftari la Esteri mkononi. Alilibeba safari nzima ndani ya mkoba wake, si kwa kukusudia. Hakuwa amelitoa tu. Bi Zuleha alimkuta hapo.

"Nilikudanganya," Mwalimu alisema kabla hata ya salamu. "Hakuna kitabu. Ni ya Esteri. Ni baba yake mwenyewe. Nililichukua daftari lake, sikumwomba ruhusa, nikaiandika ubaoni, nikawaimbisha wenzake, na yeye nikamlazimisha kuimba. Tarehe hii hapa, na wino mwekundu ni wangu." Akamkabidhi daftari. "Mtoto hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi peke yangu."

Wahenga walisema aliyevuliwa nguo huchutama. Mwalimu alikuwa amejivua mwenyewe, na pa kuchutamia hakupaona. Bi Zuleha alilisoma daftari akiwa amesimama vilevile, mpaka mwisho. Kidole chake kilipita taratibu juu ya yale maneno yaliyokatwa.

"Jana nilikuuliza kwa wema," alisema. "Ukanitazama usoni ukaniambia kitabu."

"Ndiyo."

"Nitaliandika hili kwenye ripoti, na jina lako. Hutaleta tena mwanafunzi kwangu."

"Andika, mama."

"Niitie huyo binti."

Esteri aliingia, akapiga goti kidogo kusalimia. Bi Zuleha akamuuliza kama ni kweli insha ile ni yake. Esteri akamgeukia Mwalimu kwanza, macho chini. Hata hapo! Hata hapo hakutaka kumsema mkubwa mbele za watu.

"Kama Mwalimu amesema," akajibu.

"Basi nakupa saa moja. Swali jipya, karatasi mpya, peke yako. Andika juu ya mtu aliyekufundisha jambo. Ukipita, nafasi ni yako. Usipopita, sitakuwa na la kukusaidia. Mwalimu, tupishe."

Mwalimu akarudishiwa daftari, akatoka. Uwanjani walikuwa kumi na watatu wanamsubiri, na Bwana Isihaka ameegemea gari lake. Hapo nusura apitilize aende zake sokoni. Lakini alisimama akawaambia yote, tangu daftari mpaka kitabu kisicho na jalada. Kwamba wao walifanya walichoambiwa. Kwamba Esteri peke yake ndiye aliyeruhusiwa kurudia, na ni haki yake.

"Na sisi?" akauliza Marselino, kijana wa kambini aliyependa kukaa mbele.

"Mwakani watakuja tena."

"Mwakani mimi nitakuwa na ishirini na moja, Mwalimu."

Mwalimu alitafuta la kumjibu, na mpaka leo bado analitafuta. Marselino aligeuka, akaenda akakaa chini ya gurudumu la gari akaanza kuchora ardhini kwa kijiti.

Saa ile moja ilikuwa ndefu. Kupitia dirishani Mwalimu aliona kitu kimoja tu: Esteri ameinua mkono wa kushoto, anautazama. Alikaa hivyo, bila kuandika, kwa dakika kumi.

Muda ulipokwisha, Esteri akatoka na Mwalimu akaitwa ndani. Bi Zuleha alimsogezea karatasi. "Alama zangu nimeshaziweka huko nyuma. Lakini wewe ndiye mwalimu wake. Isome."

Pembezoni palikuwa na mstari ulionyooka, na kando yake maneno matano, moja kwa kila kidole. Jina. Kikaratasi. Mto. Ubao. Jina. Kilikuwa Kiingereza cha sentensi fupifupi; mimi nakusimulia kwa lugha yetu.

Aliandika kwamba aliyemfundisha jambo ni baba yake, fundi cherehani, aitwaye Nsengimana. Baba alikuwa akipokea kitambaa cha mtu, kabla hata ya kupima, anaandika jina la mwenyewe kwenye kikaratasi na kukibana kwa pini. Watoto walipomuuliza kwa nini, alijibu kuwa kitambaa kisicho na jina kila mtu atasema ni chake, na mwenyewe atarudi nyumbani uchi. Kisha aliandika juu ya mto, mistari mitatu tu. Kisha ubao.

Mwalimu alisoma aya hiyo akiwa amesimama, akaona ni afadhali akae.

"Mwalimu wangu ni mtu mwema," aliandika Esteri. "Alinifundisha kupanga insha, na hii naipanga kwa njia yake. Alilia aliposoma habari za baba yangu, niliona karatasi imerowa mkononi mwake. Lakini alikitoa kikaratasi. Watu kumi na watatu walimvaa baba yangu, na mimi nikavaa pamoja nao kama mgeni. Walijua maji yalifika wapi. Hakuna aliyejua anaitwa nani, na kwa wiki tano hakuna aliyenipa mkono. Nilitaka kusema, lakini darasani anayesema ni mwalimu. Leo nimeulizwa. Baba yangu aliitwa Nsengimana."

Kalamu nyekundu ilikuwa kifuani mwake. Mkono haukwenda huko. Aligeuza karatasi, akaona alama za Bi Zuleha, na neno moja chini yake: apewe. Mwalimu alifunika uso kwa viganja viwili akalia, na safari hii hakuna aliyemuuliza msiba uko wapi.

Alipotoka nje alikuta foleni. Bwana Isihaka ndiye aliyeianzisha, alikuwa amemfuata Esteri kwenye ngazi na kumuuliza, "Mwanangu, baba alikuwa akiitwa nani?" Akaambiwa. Akampa mkono, akamwambia pole kwa Mzee Nsengimana. Firdausi akafuata, analia. Kisha wengine, mmoja mmoja, na wa kambini wakasema kwa lugha yao, mwihangane. Hata Marselino aliacha kijiti chake akaja. Esteri alipokea kila mkono kwa wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama wafanyavyo wenye adabu, na kwa kila mmoja aliitikia.

Mwalimu Ildefonsi alikwenda akasimama nyuma kabisa, baada ya mwanafunzi wa mwisho. Walimsogezea nafasi apite mbele, kwa vile ni mkubwa. Akakataa kwa kichwa. Akasubiri zamu yake.

Ilipofika, alinyoosha mkono.

"Mwihangane, Esteri," alisema. "Mwihangane kwa Mzee Nsengimana."

Esteri akaupokea, wa kushoto kwenye kiwiko, kama kwa wengine wote. Akaushika muda kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ajuane naye, akainua macho akamtazama.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Sasa naomba daftari langu."